Nobunaga, Hideyoshi, Ieyasu: nani hasa aliiunganisha Japani?

Mtembezi_Tanga
Wakuu, salaam. Wiki ya tatu sasa nasoma historia ya Japani ya karne ya 16 na nimekwama mahali pamoja. Wajapani wana usemi wa zamani kuhusu watawala watatu wa kivita waliofuatana, Oda Nobunaga, Toyotomi Hideyoshi na Tokugawa Ieyasu, ukiifananisha nchi na keki ya mchele: Nobunaga alitwanga, Hideyoshi akakanda, Ieyasu akaketi akala. Naona usemi huo unampunja Nobunaga.

Nchi ilichanika tangu vita vya Onin (1467–1477) vilipoiteketeza Kyoto. Kila daimyo, yaani bwana wa eneo mwenye jeshi lake, alijitawala. Nobunaga alitoka eneo la Owari, na mwaka 1560 akamwua daimyo jirani Imagawa Yoshimoto katika vita vya Okehazama ingawa jeshi lake lilikuwa dogo kwa mbali. 1568 akaingia Kyoto, 1573 akamfukuza shoguni (mtawala wa kijeshi wa nchi nzima) wa mwisho wa ukoo wa Ashikaga. Aliondoa vizuizi vya ushuru barabarani na kufungua masoko. Mwaka 1575 pale Nagashino, bunduki zake za utambi ziliwavunja wapanda farasi wa ukoo hasimu wa Takeda. Waliofuata walikuta pori limeshafyekwa. Nyie mnasemaje?

Sikonge77
Hideyoshi, bila kupepesa macho. Nobunaga alipokufa kwenye hekalu la Honnoji, Kyoto, mwaka 1582, akisalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide, visiwa vya Kyushu na Shikoku pamoja na eneo la Kanto upande wa mashariki vilikuwa bado nje ya himaya yake. Aliyezimaliza ni Hideyoshi, mtu aliyetoka familia ya chini kabisa: Kyushu 1587, na 1590 ngome ya Odawara huko Kanto. Ukitazama ramani huna haja ya kubishana.

Mwl_Zuhura
Kaka Sikonge, nakuunga mkono kwa Hideyoshi, ila si kwa sababu ya ramani. Ramani hata Nobunaga angeimaliza angepewa miaka kumi zaidi.

Jambo la Hideyoshi ni kupima. Alituma watu wakapima mashamba nchi nzima, wakahesabu kila shamba lingetoa koku ngapi za mchele. Koku moja ni kama lita 180, chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Tangu hapo daimyo hatajwi kwa ukubwa wa ardhi yake bali kwa koku, na askari anaodaiwa vitani wanahesabiwa kwa koku hizo hizo. Bwana anaweza kuhamishwa kutoka eneo hili hadi lile kama mtumishi wa serikali, kwa sababu thamani yake imeandikwa. Ieyasu mwenyewe alihamishwa hivyo 1590, akaacha ardhi ya wazee wake akapelekwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo.

Halafu 1588 akawanyang'anya wakulima panga na bunduki, akiwaambia chuma hicho kitatengeneza misumari ya jengo la sanamu kubwa ya Buddha. 1591 akapiga marufuku askari kugeuka mkulima na mkulima kugeuka mfanyabiashara. Kwa zaidi ya karne moja kila kijiji kilikuwa na watu wenye silaha. Hilo liliisha kwa kalamu yake.

Kilichomharibia ni Korea. Kuanzia 1592 hadi alipofariki 1598 alipeleka majeshi kule mara mbili, nchi ya watu ikaangamizwa, meli za Yi Sun-sin, amiri jeshi wa majini wa Korea, zikamkatia njia ya chakula, na hakupata hata shubiri ya kudumu. Hilo siwezi kumsamehe.

BintiBandari
Mwalimu, na mrithi je? Hideyoshi aliacha mtoto wa miaka mitano. Miaka miwili baadaye mabwana walikuwa kwenye uwanja wa vita wa Sekigahara wanachinjana. Muungano unaokufa na mwenyewe ni muungano gani? Ieyasu alishinda 1600, akawa shoguni 1603, na 1605 akamwachia cheo mwanawe Hidetada akiwa bado hai, ili kila mtu aone kwamba cheo ni cha ukoo. 1615 akaimaliza ngome ya Osaka pamoja na mtoto wa Hideyoshi, jambo la kikatili, lakini baada yake amani ilikaa zaidi ya miaka 200.

Mtembezi_Tanga
Dada, hapo umenibana. Ila kama Ieyasu ndiye aliyejenga utawala huo, mbona hakuifunga nchi? Nasoma kwamba alitoa vibali vyenye mhuri mwekundu kwa meli za biashara hadi Siam (Thailand ya leo) na Vietnam, na alimweka karibu Mwingereza William Adams. Mapadri aliwafukuza 1614, sawa, lakini wafanyabiashara aliwataka.

KitabuWazi
Ndiyo maana nasema mnalinganisha watatu na wa nne mmemwacha nje: Iemitsu, mjukuu wa Ieyasu. Kwangu, kuifunga nchi ndiko kulikokamilisha kuiunganisha.

Tazameni hatari ilikuwa wapi. Mabwana wa Kyushu walikuwa na bandari, na bandari ilileta bunduki na fedha. Mwaka 1580 Omura Sumitada, daimyo Mkristo, aliwapa Wajesuiti, mapadri wa Kikatoliki, bandari ya Nagasaki yenyewe. Hideyoshi alipofika Kyushu 1587 ndipo akatoa amri ya kwanza dhidi ya mapadri. Bwana mwenye bahari anaweza kupata nguvu ambayo Edo, makao ya serikali ya shoguni, haiioni.

Mwaka 1635 Iemitsu alifunga milango miwili kwa pamoja. Mjapani akisafiri ng'ambo, au akirudi kutoka huko, adhabu ni kifo. Na mwaka huo huo ikawa sheria madaimyo wakae Edo kwa zamu, mwaka mmoja huko, mwaka mmoja kwao, mke na mrithi wakibaki Edo kama rehani. Walinzi wa barabarani walikuwa na usemi wao: angalia bunduki zinazoingia na wanawake wanaotoka. Amri hizo zilikuwa na lengo moja.

Sikonge77
Mkuu, usiiondoe hofu ya Wareno. Sisi wa pwani tunajua, Fort Jesus ilianza kujengwa Mombasa 1593, miaka hiyo hiyo. Wahispania tayari walikuwa Manila. Kulikuwa na sababu ya kuogopa.

KitabuWazi
Hofu ilikuwepo na ilikuwa ya haki. Uasi wa Shimabara wa 1637–1638, wakulima waliochoshwa na kodi wengi wao wakiwa Wakristo, uliitia Edo kiwewe, na 1639 Wareno wakafukuzwa kabisa. Lakini Waholanzi walibaki. Walikuwa wameipiga mizinga ngome ya waasi kwa niaba ya shoguni, na 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono ndani ya bandari ya Nagasaki. Wachina nao waliendelea kufika huko. Biashara na Korea ilipitia kisiwa cha Tsushima, ile ya visiwa vya Ryukyu ikapitia eneo la Satsuma huko Kyushu, na ile ya Waainu, wenyeji wa kaskazini, ikapitia eneo la Matsumae. Hata neno "sakoku", nchi iliyofungwa, lilitungwa 1801 na mfasiri Shizuki Tadao alipokuwa akitafsiri maandishi ya Kaempfer, daktari Mjerumani aliyewahi kukaa Dejima. Iemitsu hakulijua. Alichofanya ni kushika funguo.

Mwl_Zuhura
Nakubali nusu. Tsushima, Satsuma na Matsumae funguo zilishikwa na madaimyo, si na Edo. Na ni Satsuma pamoja na Choshu, eneo jingine la daimyo, walioiangusha serikali ya Edo 1868. Hao hao walioshindwa Sekigahara. Kama muungano wa Iemitsu ulikamilika, chuki hiyo iliishi wapi miaka 268?

Mtembezi_Tanga
Mwalimu, swali hilo limenikosesha jibu. Kura yangu naitoa kwa Nobunaga naipeleka kwa Hideyoshi, kwa ajili ya ule upimaji. Na KitabuWazi, kuhusu Tsushima: ni kweli walighushi barua za shoguni kwenda Korea?

KitabuWazi
Kweli. Ukoo wa So, mabwana wa Tsushima, ulibadilisha maneno ya barua za pande zote mbili ili biashara isikatike. Mtumishi wao mkuu, Yanagawa Shigeoki, akalifichua. Iemitsu alisikiliza kesi mwenyewe 1635, tena mwaka ule ule, akamfukuza Yanagawa aliyesema kweli na kumwacha bwana wa So mahali pake, kwa sababu bila yeye hakukuwa na njia ya kwenda Korea. Akapeleka watawa kutoka Kyoto wakasimamie kila barua inayoandikwa.

Mwl_Zuhura
Basi hapo Edo ilijua kwamba ufunguo haukuwa wake.