Kulinganisha vimo na kupima urefu: je, rula ije mapema?

Mwalimu wa Awali (swali)

Habari za kazi, walimu wenzangu na wazazi. Ninafundisha watoto wa miaka 5 na 6, na kwa sasa tunalinganisha urefu. Watoto wawili wakisimama sakafuni, wenzao hutambua bila shida nani ni mrefu zaidi. Lakini yule mfupi akipanda juu ya kiti, wengi humtaja yeye. Vivyo hivyo, nikilaza penseli mbili zilizo sawa, ncha kwa ncha, wanakubali kuwa zinalingana, ila nikiisogeza moja mbele kidogo wanasema hiyo ndiyo ndefu. Ninafikiria kuwapa rula ili namba zimalize ubishi. Je, wakati wake umefika?

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, hilo la penseli ni jambo ambalo Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilichunguza kwa kina katika karne ya 20. Mtoto wa umri huo huikazia macho ncha iliyotokeza, asizingatie kwamba upande wa pili penseli hiyo hiyo imerudi ndani kwa kiasi kile kile. Kwa sababu hiyo sidhani kama rula itamaliza ubishi, kwani atasoma namba iliyo kwenye ncha bila kujiuliza penseli imeanzia wapi.

Ningeanza na mstari wa kuanzia. Chora mstari sakafuni, watoto walale chali visigino vikiwa juu yake, kisha wenyewe waone ni kichwa cha nani kilichofika mbali zaidi. Baadaye mruhusu mmoja asogee mbele ya mstari kwa makusudi, na uwaulize kama ulinganisho bado ni wa haki. Watoto hujali sana haki, nao watakueleza kosa kabla hujalitaja. Kisha walinganishe vitu visivyoweza kuwekwa pamoja, kama vile kimo cha dirisha na upana wa mlango, kwa kutumia kamba. Mtoto anayeelewa kwamba kamba iliyo ndefu kuliko mlango na fupi kuliko dirisha inatosha kutoa hukumu, amepiga hatua kubwa kuliko yule anayesoma namba tu.

Mama wa Wawili

Ninaongezea kuhusu shubiri na nyayo, ambazo sisi wazazi huzitumia nyumbani. Meza moja ikiwa na shubiri 5 za mama na 8 za mtoto, usiharakishe kutoa jibu. Mwache mtoto ashangae jinsi meza isiyobadilika inavyozaa namba mbili, hadi aone kwamba kipimo kidogo hurudiwa mara nyingi zaidi. Akipanga vizibo au vitofali, angalia pia kama anaacha mianya au anavipandanisha, maana hapo namba itatoka, lakini haitakuwa urefu wa kitu hicho.

Mkufunzi wa Hisabati

Ninakubaliana na mengi, isipokuwa wazo kwamba rula ifichwe hadi hatua zote hizo za mstari, kamba na shubiri zikamilike. Watafiti waliomfuata Piaget wamehoji ulazima wa mfuatano huo, na mimi naona rula inaweza kuwepo tangu mapema, mradi isigeuke kuwa kifaa cha kusomea namba tu. Tatizo kubwa ni kwamba watoto huhesabu alama badala ya nafasi zilizo kati yake, na baadhi huanza kupima kutoka kwenye 1. Jaribu hivi: weka kijiti kianzie kwenye 2 na kiishie kwenye 7. Atakayesema 7 ametazama mwisho tu. Atakayesema 6 amehesabu alama. Urefu wake ni sentimita 5. Dawa yake ni watoto kutengeneza rula zao wenyewe, kwa kubandika vipande vya karatasi vya sentimita moja moja, rangi mbili zikipishana, na kuandika namba mwishoni mwa kila kipande.

Mwalimu wa Awali

Nawashukuru. Nitaanza na mstari wa sakafuni. Swali moja limebaki: nifanyeje ili watoto wafupi wasichekwe tunapolinganisha vimo?

Mwalimu Mstaafu

Katika kazi ya kupanga kutoka mfupi hadi mrefu, tumia vijiti. Kwa vimo, kila mtoto akatiwe utepe unaolingana naye, uhifadhiwe, kisha baada ya miezi kadhaa aulinganishe na utepe wake mpya, si wa jirani yake. Wapime bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na kitabu kigumu kikiwa kimelala kichwani huku ukingo wake ukiegemea ukuta. Zingatia pia saa: kimo cha mtu hupungua kwa takribani sentimita moja kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa diski za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili, hivyo utepe wa asubuhi ulinganishwe na wa asubuhi.