Fomu ya maoni ya wateja kwenye WooCommerce: msimbo, nakala ya kiolezo, programu-jalizi au Google Forms?

Mshonaji_Arusha
Habari zenu wanajamvi. Ninauza magauni ya kitenge yaliyokwisha kushonwa kupitia duka la mtandaoni nililolijenga kwa WordPress na WooCommerce, yaani nyongeza ya WordPress inayoendesha duka. Fomu ya maoni inayokuja na WooCommerce humwomba mteja nyota, maelezo, jina na barua pepe, basi. Ninachokosa ni swali moja tu: gauni lilimbana, lilimkaa sawasawa, au lilimpwaya? Magauni mengi yanayorudishwa kwangu hurudishwa kwa sababu ya saizi, na mnunuzi anayefuata angefaidika zaidi na jibu la swali hilo kuliko na nyota tano zisizo na maelezo. Nimeona njia nne: kuandika msimbo mfupi, kunakili kiolezo cha fomu (faili linalopanga mwonekano wake) na kukihariri, kufunga programu-jalizi (plugin) ya maoni, au kumtumia mteja kiungo cha Google Forms. Ningependa kusikia kutoka kwa waliozitumia, hasa kuhusu kazi ya matunzo inayobaki baada ya fomu kuanza kutumika.

Mwanamsimbo
Ndugu Mshonaji, kwa swali moja ningechagua msimbo bila kusita. WooCommerce huhifadhi maoni ya bidhaa kama maoni ya kawaida ya WordPress, na idadi ya nyota huwekwa katika jedwali la commentmeta, linalobeba taarifa za ziada za kila maoni, kwa jina la rating. Kwa hiyo jibu la saizi linaweza kukaa papo hapo, jirani na nyota, bila kuunda jedwali jipya. WooCommerce na WordPress zina sehemu maalumu za kuchomeka msimbo wako: kichujio woocommerce_product_review_comment_form_args kitaongeza swali kwenye fomu, comment_post italihifadhi jibu, na woocommerce_review_after_comment_text italionyesha chini ya maelezo ya mteja.

Upo mtego mmoja ulionigharimu siku nzima. WordPress huonyesha kundi la fields, lenye jina na barua pepe, kwa mgeni ambaye hajaingia kwenye akaunti tu. Ukiliweka swali lako humo, wateja wenye akaunti, ambao mara nyingi ndio wanunuzi wako wa kudumu, hawataliona kabisa, nawe ukijaribu fomu ukiwa umeingia kama msimamizi utadhani msimbo haufanyi kazi. Liunganishe na comment_field, yaani sehemu ya maelezo, mahali ambapo WooCommerce yenyewe imeziweka nyota. Aidha, usiuandike msimbo huo ndani ya functions.php ya mandhari (theme) uliyoipakua, kwa kuwa sasisho la mandhari litaufuta. Utengenezee programu-jalizi yake ndogo.

Viatu_na_Mikoba
Mimi nilipita njia ya kiolezo: nilinakili faili single-product-reviews.php na kuiweka katika folda ya woocommerce ndani ya mandhari tanzu (child theme), ambayo sasisho la mandhari kuu haliigusi. Uzuri wake ni kwamba unautawala mpangilio wote wa fomu, hata kama unataka nyota zikae chini ya maelezo au kichwa cha fomu kibadilike. Ubaya wake huonekana baadaye. WooCommerce inapobadilisha kiolezo chake, nakala yako hubaki vilevile, na ukurasa wa hali ya mfumo utakuonya kwamba imepitwa na wakati. Hapo utalazimika kulinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari. Nimefanya hivyo mara tatu sasa, na kwa swali moja tu nisingekushauri uingie kwenye kazi hiyo.

Vikapu_vya_Iringa
Ninatetea programu-jalizi, lakini kwa sababu moja mahususi, nayo ni picha. Fomu ya kawaida haipokei faili, na kuijengea uwezo wa kupokea picha kwa usalama si kazi ya mistari michache, maana lazima uchunguze aina ya faili, ukubwa wake, na mahali itakapohifadhiwa ili mtu asipakie kitu cha hatari kwenye seva yako. Vikapu vyangu hupakwa rangi kwa mkono, kwa hiyo picha ya mteja inamwonyesha mnunuzi rangi halisi kuliko picha yangu ya studio. Kama wewe huhitaji picha, sioni kwa nini ubebe mzigo huo.

Kabla ya kufunga programu-jalizi yoyote, tafuta kwanza namna ya kuyatoa maoni yako humo siku ukiamua kuondoka. Wenye maduka ya Shopify, jukwaa jingine la maduka ya mtandaoni, walikutana na jambo hili mwaka 2024, kampuni hiyo ilipoachana na programu yake ya Product Reviews, wakalazimika kuhamisha maoni ya wateja wao kwenda kwingine.

Karani_wa_Pwani
Naona wote mmezungumzia swali la saizi, ilhali kwa maduka ya kwetu tatizo kubwa zaidi limo katika swali la barua pepe. WooCommerce hutoa alama ya mnunuzi aliyethibitishwa kwa kulinganisha akaunti au barua pepe ya mtoa maoni na maagizo yaliyolipiwa. Haiangalii namba ya simu. Mteja aliyeagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa M-Pesa, kisha wewe ukaingiza agizo lake kwa mkono bila barua pepe, hatapata alama hiyo hata akiwa amenunua mara kumi.

Hali huwa mbaya zaidi ukiwasha mpangilio unaoruhusu maoni ya wanunuzi waliothibitishwa peke yao. Kiolezo cha kawaida hapo humtambua mtu kwa akaunti aliyoingia, kwa hiyo aliyenunua kama mgeni ataambiwa kwamba ni wateja walioingia na kununua bidhaa hiyo tu ndio wanaoweza kuandika. Ningeuzima mpangilio huo, niiache alama ionekane kwa wanaostahili, na kila maoni yapitie kwangu kabla ya kuchapishwa.

Kuhusu Google Forms, ni kweli kwamba mteja wa WhatsApp hujaza kwa urahisi, lakini majibu hubaki kwenye lahajedwali, mbali na ukurasa wa gauni, na hayahesabiwi katika wastani wa nyota ambao WooCommerce huwapa watambazaji wa Google, yaani programu zake zinazosoma kurasa za tovuti. Ukiomba na namba za simu humo, kumbuka kwamba hizo ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2022, kama zilivyo Kenya chini ya sheria ya mwaka 2019, usikusanye usichokihitaji.

Mshonaji_Arusha
Nawashukuru sana. Nimeamua kutumia msimbo, na mpangilio aliousema Karani nimeukuta umewashwa; nimeuzima leo asubuhi, kwa kuwa wateja wangu wengi hununua bila kufungua akaunti. Limebaki swali moja: nilifanye jibu la saizi kuwa la lazima?

Mwanamsimbo
Nakushauri uliache kuwa la hiari. Wapo wanaomnunulia mama au dada, nao hawajui gauni lilimkaaje. Na kama utalifanya la lazima kwa kutumia preprocess_comment, kichujio kinachopitia maoni kabla hayajahifadhiwa, hakikisha ukaguzi wako unagusa bidhaa tu na kuyaruka majibu yanayoandikwa kutoka ukurasa wa usimamizi. Vinginevyo utazuia maoni ya blogu yako, na wewe mwenyewe utashindwa kumjibu mteja, kwa sababu jibu lako nalo litadaiwa saizi.

Katika hifadhidata weka thamani fupi tatu, yaani bana, sawa na pwaya, na ukatae thamani nyingine yoyote itakayotumwa. Maneno anayoyasoma mteja yaandike mahali pengine katika msimbo. Ukibadilisha maneno hayo mwakani, majibu ya zamani yatahesabika pamoja na mapya, na utaweza kuandika juu ya kila gauni kwamba wateja wangapi liliwabana na wangapi liliwapwaya.