Kikundi cha familia: jina la mtoto

Baba Mtoto: Shikamooni wakubwa. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, kesho Mungu akipenda wanaruhusiwa. Sasa tumebaki na jina. Sisi tumependa Hadasa, tunaomba baraka zenu.

Babu: Marahaba. Mpe mama watoto hongera zangu. Lakini binti wa kwanza anaitwa jina la bibi mzaa baba, ndivyo ilivyo kwetu. Mama yenu alikuwa Esta. Hadasa ni wa nani?

Mama Mtoto: Shikamoo Baba. Hatujamwacha Mama hata kidogo, ndiyo maana tukachagua hilo. Wifi nisaidie kueleza, mtoto yuko kwenye ziwa hapa.

Shangazi: Nyonyesha wifi, nipo. Shikamoo Baba. Fungua Esta 2, mstari wa 7. Mordekai alimlea Hadasa, na Hadasa ndiye huyo huyo Esta, yatima wa baba na mama. Hadasa ni jina lake la Kiebrania, la kwao. Esta ndilo alilojulikana nalo Shushani, kwa mfalme Ahasuero huko Uajemi.

Babu: Hapo napafahamu. Mbona basi kitabu kizima wanamwita Esta?

Shangazi: Kweli Baba. Hadasa limetajwa hapo tu, halirudi tena mahali popote kwenye Biblia. Ila shuka mpaka mstari wa 10: Mordekai alimkataza asitaje kabila lake wala jamaa zake. Akakaa ikulu miaka, hakuna anayejua ni binti wa nani. Halafu Hamani, mkuu wa mfalme, anataka kuwaangamiza watu wake, na sura ya 4 Esta anaamua kuingia kwa mfalme bila kuitwa, akijua adhabu yake ni kifo. Mimi nikisoma pale naona aliyeingia ni Hadasa. Taji lilikuwa la Esta, lakini aliyekumbuka kwao ni yule mtoto wa Mordekai.

Babu: Hapo umenena.

Baba Mdogo: Shikamoo Baba, shemeji hongera sana! Huku Brooklyn, Borough Park, wamejaa Wayahudi washika dini, na Hadassah kwao ni jina la kawaida. Kinamama wanaita watoto "Dasi! Dasi!" barabarani. Ikifika Purim, sikukuu yao ya kukumbuka habari za Esta, kwenye Februari au Machi, vibinti vinavaa mataji ya malkia. Kitabu cha Esta kinasomwa chote sinagogi, na kila akitajwa Hamani wanapiga kelele na kukanyaga sakafu jina lake lisisikike.

Baba Mtoto: Dasi! Hilo nimelichukua.

Babu: Na maana yake?

Shangazi: Ni mhadasi, Baba. Ule mti wa Isaya 55, unaoota mahali pa mibigili. Na Nehemia 8 watu wanatumwa mlimani kuleta matawi yake wajenge vibanda. Mpaka leo Wayahudi kwenye Sikukuu ya Vibanda wanafunga matawi matatu ya mhadasi pamoja na kuti la mtende na matawi mawili ya mti wa mtoni, wanayashika na tunda la jamii ya limau. Tulipokwenda hija na kanisa, mwongozaji alichuma tawi akatupitishia. Kijani kibichi mwaka mzima, vijani vidogo vinang'aa, ua jeupe la petali tano. Ukilitazama hivi hivi ni kichaka tu. Fikicha jani sasa, linanukia kama mrihani, mkono wangu ulinukia mpaka hotelini.

Mama Mtoto: Jamani wifi 😍

Shangazi: Na wewe kama muuguzi hili ni lako. Mwaka 1912 New York, Henrietta Szold na wenzake walianzisha chama cha kinamama, na kwa kuwa zilikuwa siku za Purim wakakiita Hadassah. 1913 wakatuma wauguzi wawili Yerusalemu, kuhudumia wajawazito na wagonjwa wa trakoma, ule ugonjwa wa macho. Ndiyo mwanzo wa ile hospitali kubwa ya Hadassah, yenye madirisha 12 ya vioo vya rangi ya mchoraji Marc Chagall, pale Ein Karem, Yerusalemu.

Mama Mtoto: Wauguzi wawili tu? Mungu wangu. Basi mimi sibadilishi tena, labda Baba akatae.

Babu: Sikatai. Nilidhani mmeokota jina la mtindo.

Shangazi: Mtindo upo pia Baba, nisikufiche. Zamani darasani kwetu kina Esta walikuwa wengi mpaka mwalimu anawaita kwa majina ya baba zao, Hadasa hayupo. Sasa shule ya Jumapili ninao. Wazazi wengi walokole wanalipenda. Halipungui thamani kwa hilo.

Baba Mtoto: Kwenye tangazo la kizazi niandikeje? Hadassah yenye S mbili na H mwishoni, au ya kwetu?

Baba Mdogo: Ya huku ina S mbili na H.

Shangazi: Andika kama ilivyo kwenye Biblia yetu, Hadasa. Asije akahangaika shuleni na kwenye pasipoti, kila cheti na herufi zake.

Babu: Hadasa Esta. Yote mawili, kwa mpangilio huo. Na mimi nitamwita Esta.

Baba Mtoto: Asante sana Baba 🙏🏾

Shangazi: Amina. Wifi, mtori naleta kesho saa nne, msipike.