Madirisha ya bawaba na muuzaji wa kumwamini: gumzo la kikundi cha familia

Mimi: Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwa wengine wote. Ukuta wa nyumba umefika kwenye linta, na fundi anataka kujua aina ya madirisha kabla hajapiga lipu kwenye kingo za matundu. Nimeamua kuweka ya kufunguka kwa bawaba badala ya yale ya kuteleza, lakini makadirio niliyopewa na wauzaji yanapishana sana, na kila mmoja anasisitiza kwamba bidhaa yake ndiyo bora. Naomba mnieleze nitazame nini hasa.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Uamuzi wako ni mzuri. Dirisha la kuteleza, hata ukilisukuma mpaka mwisho, hukupa nusu tu ya uwazi, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. La bawaba hukuachia karibu uwazi wote, na ubawa wake, yaani ile sehemu inayofunguka, ukiwa umefunguka nje huukinga upepo unaopita kando ya ukuta na kuuelekeza chumbani. Tofauti kubwa zaidi huonekana likifungwa. Komeo huuvuta ubawa mpaka ukaubana mpira uliozunguka fremu, ilhali dirisha la kuteleza hutegemea brashi, yaani utepe wa nyuzi fupi, ambayo haiwezi kubana sana kwa sababu kioo kinatakiwa kipite. Ndiyo maana vumbi, kelele na mvua ya upepo huingia kwa urahisi zaidi kwenye la kuteleza.

Dada: Na kuhusu fremu, Mjomba? Nasikia wengi wakibishana juu ya alumini, plastiki na mbao kana kwamba moja tu ndiyo inayofaa.

Mjomba: Zote hufaa zikitengenezwa vizuri. Alumini ni imara na fremu yake huwa nyembamba, ila hupitisha joto kwa urahisi, kwa hiyo mahali penye baridi kali au nyumba yenye kiyoyozi huhitaji ile yenye kizuizi cha plastiki ngumu katikati ya sehemu ya ndani na ya nje. Plastiki huzuia joto vizuri na haihitaji rangi, lakini hutanuka kwa jua kiasi cha mara tatu ya alumini, na fremu ndefu isiyotiwa chuma ndani hupinda. Mbao hupendeza na hurekebishika, mradi mwenye nyumba akubali kuipaka rangi au vanishi kila inapochakaa. Mimi naomba tusikae sana hapo, kwa sababu madirisha mengi niliyoitwa kuyatazama yakiwa yameharibika, fremu yake ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni bawaba, mpira au kazi ya aliyeyafunga.

Shangazi: Shemeji amesema kweli. Mimi ninayeishi karibu na bahari ninalo la kuongeza. Muuzaji wangu aliniletea fremu nzuri za alumini, kisha akazifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida. Hewa ya chumvi ilipokutana na metali hizo mbili zilizogusana, alumini ilianza kuliwa kuzunguka kila skrubu na kutoa unga mweupe, na bawaba zikashika kutu mpaka ubawa ukawa haufungi. Mwanangu, uliza bawaba na skrubu ni za chuma gani. Kwa bara, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kinatosha. Kwa pwani, dai 316, na uandikiwe kwenye ankara.

Mimi: Ahsante sana Shangazi. Je, bawaba yenyewe nitaijuaje kama ina nguvu ya kutosha?

Mjomba: Hapo ndipo penye hesabu ambayo muuzaji mzuri huifanya mbele yako. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Chukua ubawa wa upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120: kioo kimoja cha milimita 6 kitakuwa na takriban kilo 11, na vioo viwili vya unene huo vitakaribia kilo 22, kabla hujahesabu fremu yake. Upanue mpaka sentimita 90 kwa 150, vioo viwili vitapita kilo 40, na uzito huo wote unaning'inia upande mmoja. Kila bawaba ya msuguano, ile inayoushikilia ubawa mahali ulipouachia, ina kikomo cha uzito na cha upana kilichowekwa na kiwanda. Ukipita kikomo hicho, ubawa utaanza kushuka kwenye kona ya upande wa komeo na kukwaruza fremu ya chini, hadi komeo lisikutane na tundu lake. Kwa hiyo dirisha pana ligawe: mbawa mbili nyembamba za kufunguka na kioo cha kudumu katikati. Kipini kisipeleke komeo mahali pamoja tu, bali lishike juu na chini pia, la sivyo pembe za ubawa hazitaubana mpira.

Binamu: Jirani zangu wote wanaweka vioo viwili. Je, ni lazima?

Mjomba: Si lazima kwa kila nyumba, bali inategemea joto, baridi na kelele za mahali. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Vioo viwili vya kawaida hupunguza hadi karibu 2.8, na vikiwa na utando mwembamba wa metali pamoja na gesi ya argoni katikati, hukaribia 1.1. Kama unalipia utando huo, hakikisha upo. Washa kiberiti au taa ndogo ya simu karibu na kioo wakati wa giza, utaona taswira nne za mwanga, moja kwa kila uso wa kioo, na ile ya uso wenye utando huwa na rangi tofauti na nyingine. Ukiona ukungu kati ya vioo viwili, hata kwenye sampuli dukani, jua kwamba muhuri wa kingo umeshafunguka, na hakuna kitambaa kitakachoufuta.

Mama: Mimi nawaza wajukuu. Madirisha ya ghorofani yanayofunguka nje yananitia hofu.

Dada: Hofu ya Mama ni ya haki. Mdogo wangu, madirisha ya juu yawekee kizuizi kinachouruhusu ubawa kufunguka sentimita 10 tu, kinachofunguliwa na mtu mzima panapotokea moto. Kwa madirisha yaliyo chini kabisa au karibu na ngazi, dai kioo cha usalama. Kile kilichokazwa kwa moto kikivunjika hugeuka vipande vidogo butu, na huwa na chapa ndogo kwenye kona. Kile cha tabaka huwa na utando wa plastiki katikati, na hata kikivunjika vipande hubaki vimeshikana. Kumbuka pia kwamba kilichokazwa hakikatiki tena baada ya kukazwa, kwa hiyo kipimo kikikosewa hakuna kupunguza pembeni, kitaagizwa kingine.

Shangazi: Na kama utaweka grili na wavu wa mbu, vyote viwe ndani kwa kuwa ubawa unafunguka nje. Hakikisha mkono unafika kwenye kipini bila kuhangaika. Wala usiweke ubawa wa kufunguka juu ya njia ya kupita watu, kwa sababu mtu atapasuka paji la uso.

Mimi: Nimeyapokea yote. Sasa nisaidieni kwa muuzaji, maana huyo ndiye anayenisumbua zaidi.

Mjomba: Mtazame anavyopima. Anayekubali kukuuzia kwa vipimo ulivyomtajia kwa simu, achana naye mapema. Mwenye kazi yake huja nyumbani, hupima upana wa tundu juu, katikati na chini, hupima urefu kushoto, katikati na kulia, kisha hupima mishazari miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, ili ajue kama tundu limekaa mraba. Hufuata kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguza milimita chache kila upande kwa ajili ya kutanuka na kuziba. Akikuta mishazari imepishana sana, atakwambia fundi arekebishe ukuta kwanza, hata kama hilo litamchelewesha kulipwa.

Ukifika dukani kwake, usitosheke na katalogi. Omba dirisha zima lililofungwa kwenye fremu, weka karatasi kati ya ubawa na mpira, funga, kisha vuta. Ikichomoka kirahisi, mpira haubani. Rudia kwenye kila kona, hasa zile zilizo mbali na kipini. Pitisha kucha kwenye maungio ya pembe za fremu; pakiwa na mwanya, maji yatapata njia. Angalia chini ya fremu kama kuna matundu ya kutolea maji, kwa sababu maji machache huingia kwenye dirisha lolote, na lililo bora ni lile linaloyarudisha nje.

Dada: Mimi naongeza upande wa maandishi. Makadirio hayawezi kulinganishwa kama mmoja ameandika “dirisha la alumini, kioo cheupe” na mwingine ameeleza unene wa kioo, unene wa kuta za fremu, aina ya bawaba, idadi ya makomeo, wavu, usafiri na ufungaji. Yule wa kwanza huonekana wa bei nafuu kwa sababu mengi hayamo. Waandikie wote orodha moja ya mahitaji na uwaombe wajaze bei kwa kila kipengele. Dhamana nayo isomeke vizuri: fremu, rangi, muhuri wa vioo na bawaba huweza kuwa na muda tofauti, na mara nyingi dhamana ya kiwanda haihusu kosa la fundi wa kufunga. Anayeuza na anayefunga wakiwa watu wawili, kila mmoja atamsukumia mwenzake lawama, kwa hiyo ni heri mkataba uwe na mmoja tu. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka madirisha yamwagiwe maji kwa mpira wa bomba kutoka nje nawe ukiwa ndani unatazama.

Mama: Na aulize nyumba ambazo muuzaji huyo alizifungia madirisha miaka michache iliyopita, si za mwezi jana.

Mimi: Nitafanya hivyo, Mama. Kesho nitawatumia wauzaji orodha moja, na fundi nitamwambia asubiri lipu ya kingo mpaka vipimo vichukuliwe.

Mjomba: Vyema. Kabla ya kuituma, nichoree kila dirisha kama linavyoonekana kutoka nje, uonyeshe njia, mti au ukuta ulio karibu na upande unaotoka upepo wa mvua, nami nitakuandikia bawaba ikae kushoto au kulia.