Mbwa wangu jike anakunywa maji mno na kutoa uchafu nyuma, naombeni ushauri

Mkazi wa Kihonda:
Habari wakuu. Niko Morogoro. Nina mbwa jike wa miaka saba, hajawahi kuzaa wala kutolewa kizazi. Joto lake (kipindi cha kutaka dume) liliisha kama mwezi na kitu hivi, na muda wote tulimfungia bandani, hakupandwa. Sasa chakula anakinusa na kukiacha, lakini ndoo ya maji anaimaliza, na usiku analia atolewe akakojoe. Jana nimemkuta anajilamba nyuma mfululizo, na gunia analolalia lina uchafu mzito wa kahawia, unanuka vibaya. Tumbo liko kawaida. Jirani anasema joto limerudi. Mwingine kaniambia nimchome OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) nisubiri. Nifanyeje? Huyu mbwa wanangu wamekua naye.

Daktari wa Mifugo Moro:
Pole sana mkuu. Usisubiri, mpeleke leo. Joto halirudi baada ya mwezi mmoja. Kwa kawaida jike huingia joto kila baada ya miezi sita hivi, wengine zaidi. Na damu ya joto hainuki usaha.

Unayoyaeleza yanaelekea kwenye usaha ndani ya mji wa mimba, ugonjwa tunaouita payometra. Baada ya joto, hata asipopandwa, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili. Inanenepesha ukuta wa kizazi na kukituliza kisijikamue, kwa hiyo bakteria walioingia wakati mlango wa kizazi ulipokuwa wazi, mara nyingi E. coli, wanapata mahali pa kuzaliana. Ndiyo maana ugonjwa hujitokeza wiki chache baada ya joto, hasa kwa majike wa umri wa kati na wazee. Sumu ya bakteria hao huyumbisha figo, ndipo kiu na mkojo vinapozidi.

Naomba unijibu: amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia mimba? Sindano hizo zinaongeza hatari ya ugonjwa huu.

Mama Koku:
Mwenzangu, usijipe moyo kwa kuwa tumbo halijavimba. Mbwa wa dada yangu hakutoa uchafu hata tone. Alikuwa amelala tu, anatapika, anakunywa maji. Tulidhani kala sumu ya panya. Kufika kwa daktari kizazi kilikuwa kimejaa usaha na kimeanza kuvuja ndani ya tumbo. Hakupona.

Daktari wa Mifugo Moro:
Huyo mlango wa kizazi ulikuwa umejifunga, na hao ndio wanaotutisha zaidi. Uchafu unapotoka, angalau mwenye mbwa anashtuka mapema. Usipotoka, dalili ni kiu, kulegea, kutapika, wakati mwingine tumbo kujaa. Homa isikupoteze: joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, na wengi wenye payometra joto lao la mwili halipandi kabisa. Kwa walio hoi hushuka.

Kuhusu OTC: antibiotiki peke yake haiondoi usaha huo. Anaweza kuchangamka siku mbili ukaamini kapona, kumbe ndani hali inaendelea kuharibika. Na msimpe diklofenaki wala panado, zinaumiza mbwa. Sindano ya kusukuma uzazi nayo asiiguse mtu, kizazi kilichofungwa kinaweza kupasuka. Tiba ya uhakika ni dripu kwanza, kisha kutoa kizazi na ovari.

Mfugaji Chipukizi:
Dokta, wangu ni mdogo, anazurura mtaani. Anadondosha damu kidogo kidogo nje ya msimu wa joto, ila anakula vizuri. Ni hiyohiyo?

Daktari wa Mifugo Moro:
Inaweza kuwa uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana. Vaa glavu, mwangalie ukeni kama kuna kinyama chekundu kinachovuja damu. Unatibika kwa sindano za vinkristini, lakini ni dawa kali, lazima daktari aisimamie. Mtenge na madume.

Mkazi wa Kihonda:
Wakuu, tumetoka hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Ultrasaundi imeonyesha kizazi kimejaa. Damu wamechukua kupima figo, yuko kwenye dripu, upasuaji kesho asubuhi. Sindano ya kuzuia mimba ndiyo, alichomwa zamani na mtu aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba. Nyumbani ninaye jike mwingine mdogo, ana mwaka mmoja, ameingia joto juzi tu. Naye wamtoe kizazi kesho?

Daktari wa Mifugo Moro:
Huyo mdogo kama ni mzima asubiri. Wakati wa joto mishipa ya kizazi inajaa damu, upasuaji unakuwa mgumu. Mpe miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha, ukimchunga asipandwe. Katika kipindi hicho pima maji yake asubuhi kabla ya kumwekea: mbwa wa kilo 20 akivuka lita mbili kwa siku, mlete. Kwa mkubwa, akitoka upasuaji muombe daktari kola ya shingoni ili asilambe nyuzi, na zisitolewe kabla ya siku 10.