Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: ukuta unamwaga chumvi, mkandarasi anataka zege. Naomba ushauri

MjukuuWaKiponda
Assalaam alaykum wana jamvi. Tuna nyumba ya mawe ya ghorofa moja huku Kiponda, Unguja, ya marehemu bibi yetu, Mungu amrehemu. Miaka ya tisini vyumba vya chini vilipigwa lipu ya saruji mpaka usawa wa kifua. Ilipendeza kwa muda. Sasa unyevu umepanda juu ya ile saruji, rangi inafura na kupasuka, na kila asubuhi kuna unga mweupe wa kufagia. Chumba cha juu kinachopakana na choo, ncha za boriti mbili zimelainika, ukichoma msumari unaingia kwa kidole.

Mkandarasi anasema tutoe boriti zote, tumwage zege na nondo, na chini tupige saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Ndugu walioko Muscat ndio wenye pesa, nao wanataka jibu la haraka. Mimi nasita. Chokaa bado ina kazi, au ni mapenzi tu ya mambo ya kale?

FundiTindo
Waalaykum salaam. Usimwage zege na usirudie saruji.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo siku zote una maji kidogo ndani. Yanapanda kutoka ardhini, yanatoka kwa hewa. Ukiuvisha saruji, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda mpaka yaipite saruji. Ndiyo maana unyevu wako umeanza juu ya kifua. Yanapokauka pale yanaacha chumvi, na chumvi ikiganda ndani ya lipu inaisukuma mpaka ing'oke. Dawa ya kuzuia maji itaupandisha unyevu mpaka zilipo ncha za boriti. Ukishafika hapo, karibisha mchwa.

Bandua saruji yote kwa nyundo na tindo, kwa mkono, usiingize mashine ya kubomolea. Mtetemo unalegeza mawe ya katikati ya ukuta na hutajua mpaka upande wa pili utoe tumbo. Chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Mhandisi_Ilala
Fundi, kwa heshima, hapo kwenye zege usimtishe mtu. Chokaa ni dhaifu, haina nguvu hata ya kukaribia saruji, na inachukua muda mrefu kukomaa. Nyumba za huko zinaanguka kila masika. Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ya mwaka 1883, sehemu iliporomoka 2012, halafu 25 Desemba 2020 nyingine ikaanguka ikiwa kwenye matengenezo na mafundi wawili wakafariki. Usalama kwanza.

FundiTindo
Mhandisi, udhaifu wa chokaa ndio faida yake. Nyumba ikitikisika kidogo, kiungo cha chokaa kinapasuka na jiwe linabaki zima. Kwa saruji linapasuka jiwe, kwa sababu tumbawe ni laini kuliko saruji. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianzishwa karne ya 11 na kuba zake ni za mawe na chokaa. Hizo slabu (sakafu za zege) zetu za kando ya bahari, nondo zinaota kutu, kutu inafura, zege linamenyeka; nyingi hazidumu bila kutibiwa.

Halafu uzito. Sentimita 15 za zege ni karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na unaziegemeza juu ya ukuta ulioloana. Ili slabu ikae lazima uchimbe mfereji ukutani kuzunguka chumba chote. Umeukata ukuta kiunoni.

Mhandisi_Ilala
Hoja ya uzito nakubali. Lakini asiguse kitu kabla ya kutega mirunda chini ya boriti zile mbili, na kama kuna ufa abandike kipande cha kioo kuuvuka, aandike tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea, na hapo aite mtu wa miundo aende mwenyewe akaone. Jamvini hatupimi ukuta.

MuuzaVigae
Bandika vigae mpaka dari, biashara imeisha 😂

FundiTindo
Wateja wangu wengi wanatoka kwako, ndugu.

UmmuZidaka
Mwanangu, kabla ya yote nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukaombe kibali. Mji upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kubandua lipu ya nje au kubadilisha dari bila kibali kutakusimamishia kazi katikati. Nenda na picha za kila chumba. Ukiwa huko uliza mafundi wa chokaa waliobaki, wapo, ila hawajitangazi.

Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukizikuta chini ya saruji usizibe. Watu walizibaziba ovyo ili wapate pa kuegemeza kabati.

MjukuuWaKiponda
Ahsanteni sana, na shikamoo bi mkubwa. Nimekagua leo kile choo cha juu. Bomba la maji machafu limepasuka ndani ya ukuta, na mfereji wa bati unamwaga palepale kwenye kona! Sasa je, nikilitengeneza nisubiri muda gani kabla ya kupiga chokaa? Na chokaa ya mfuko ya dukani inafaa?

FundiTindo
Nilijua tu kuna choo mahali. Rekebisha maji kwanza, mengine yote baadaye. Boriti mbili zinabadilishwa mbili, si zote. Tafuta za mikoko zilizokauka vizuri, na ncha ziachie nafasi ya hewa ukutani, usizijengee kwa saruji.

Kukauka hesabu miezi, si wiki. Bandua sasa, ukuta uachwe wazi kaskazi yote, yaani msimu wa joto kabla ya masika, madirisha wazi. Chokaa piga kuanzia Juni, kipupwe. Jua la kaskazi linaikausha kabla haijashika, na masika inaiosha.

Ya mfuko inafaa ikiwa si ya zamani. Iloweke pipani wiki kadhaa, maji yaifunike. Iliyolowekwa shimoni kutoka tanuri ni bora, ukiipata. Kipimo kimoja cha chokaa, vitatu vya mchanga. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi ileile unayoikimbia. Mashimo makubwa tomea kwanza kwa vijiwe, kisha piga tabaka jembamba, sentimita moja, ulinyunyizie maji na kulifunika magunia siku kadhaa kabla ya kuongeza lingine. Lipu ya kwanza ikitoa chumvi usihuzunike, imekunywa ya ukutani. Bandua hapo tu, upige tena.

MjukuuWaKiponda
Muscat nawaambiaje kuhusu kusubiri mpaka Juni?

UmmuZidaka
Watumie picha ya lile bomba. Na waambie pesa ya zege ibaki kwao mpaka kibali kitoke.