Nimelipa zaidi ya milioni 10 kwa amplifaya ya gitaa, nikakuta sakiti yake imezikwa kwenye gundi ili fundi asiione

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Nimeahirisha kuandika uzi huu kwa wiki tatu nikisubiri hasira ipoe, lakini haijapoa, na nimeona ni heri niandike nikiwa nayo kuliko kuendelea kunyamaza huku wapiga gitaa wengine wakijipanga kutuma fedha zao kule kule nilikotuma zangu.

Mimi ni mpiga solo hapa Dar es Salaam, na mwaka huu natimiza miaka 26 kazini. Nimepiga dansi, nimepiga kwenye kumbi za harusi, hotelini na kanisani, na karibu muda wote huo nimetumia amplifaya za kuazima au za mtumba. Kwa miaka sita niliweka akiba ili niagize amplifaya moja ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) iliyotengenezwa kwa mkono katika karakana ndogo huko Marekani. Bei ilikuwa dola 4,200, ambayo kwa shilingi inapita milioni 10 kabla hujagusa gharama za usafiri na ushuru. Nililipa nusu kama malipo ya awali, nikaambiwa nisubiri miezi 6, nikasubiri 14. Ilifika, ikapiga vizuri kwa miezi saba, kisha ikaanza kukata sauti katikati ya wimbo. Ninalolalamikia hapa si kuharibika kwake, maana chombo chochote cha umeme huharibika. Ninalalamikia kile tulichokikuta tulipoifungua.

Kwanza nieleze kwa nini mtu mwenye akili timamu hutoa fedha kama hizo, kwa sababu najua wapo watakaouliza, na ni haki yao. Amplifaya niliyonunua ni nakala ya zile alizokuwa akitengeneza Howard Alexander Dumble, fundi wa California aliyefariki Januari 2022. Katika maisha yake yote ya kazi inakadiriwa alitengeneza mia chache tu, takriban 300 au pungufu, kwa sababu alizifanya kwa mikono yake na hakutaka kuwa na kiwanda. Alikuwa akimsikiliza mpigaji mwenyewe, namna anavyogusa nyuzi, kwa nguvu au kwa wepesi, ndipo apange thamani za vipande vya ndani kulingana na mkono ule. Wapiga gitaa maarufu Robben Ford, Larry Carlton na Carlos Santana wote walipiga kupitia amplifaya zake. Mpiga gitaa la blues Stevie Ray Vaughan alirekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1982 katika studio ya Jackson Browne mjini Los Angeles akitumia Dumble aliyoikuta pale pale, na baadaye akaagiza ya kwake.

Sauti yenyewe si ngano. Katika aina inayoitwa Overdrive Special, mkondo wa sauti safi haukai kando ya mkondo wa sauti ya kukwaruza kama ilivyo kwenye amplifaya nyingine nyingi. Sauti safi hukuzwa kwanza kikamilifu, ikapangwa besi na treble yake, halafu ndipo inapomwagwa katika hatua nyingine mbili za valvu zinazoisukuma hadi inafurika. Matokeo yake ni kwamba ukigusa uzi polepole gitaa linazungumza kwa upole, ukiongeza nguvu kidogo tu noti inaanza kuvimba, inabaki hewani, inageuka taratibu kuwa kama sauti ya mtu anayeimba. Hugusi kitufe wala pedali. Kila kitu kinatoka vidoleni. Sisi wa muziki wa dansi tunaopiga solo ndefu juu ya gitaa la rhythm lisilosimama tunaijua thamani ya noti isiyokufa mapema. Niliposikia amplifaya ya aina hiyo mara ya kwanza kwa masikio yangu, si kwenye rekodi bali mbele yangu, kwa mpigaji mgeni aliyekuja nayo, sikulala usiku ule. Kwa hiyo naomba asije mtu hapa kuniambia kwamba nilifuata jina.

Lakini bei inayodaiwa leo hailipii sauti. Dumble halisi huuzwa zaidi ya dola 100,000, na wanaozinunua kwa bei hiyo wengi ni watu wa kuhifadhi mali ghalani. Fungua ndani yake utakuta transfoma, valvu nne za 6L6 kama ni ya wati 100 au mbili kama ni ya wati 50, valvu chache ndogo za 12AX7, rezista, kapasita na waya, vyote vikiwa vitu vinavyouzwa madukani na kwenye mitandao kwa yeyote mwenye fedha. Nilipokaa na kalamu nikaorodhesha vipande vyote vya amplifaya yangu kwa bei ya rejareja, pamoja na transfoma nzuri na sanduku la mbao, jumla haikufika dola 1,500. Sikatai kwamba ujuzi una bei. Fundi ale jasho lake, tena ale vizuri. Ninachokataa ni kulipia uficho.

Sasa nije kwenye uficho huo.

Amplifaya ilipoanza kukata sauti niliipeleka mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar es Salaam, kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza redio na amplifaya za valvu tangu kabla sijashika gitaa. Aliifungua mbele yangu. Kwanza alitoa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa za usambazaji, maana mle ndani kuna zaidi ya volti 400 zinazoweza kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kisha akaiwasha tena na kuchukua kijiti kikavu cha mshikaki. Hivyo ndivyo anavyofanya siku zote: mkono mmoja ameuweka nyuma ya mgongo, mwingine unagongagonga kipande kimoja baada ya kingine kwa kijiti huku sikio likiwa kwenye spika. Alianzia upande wa transfoma, kimya. Akaja kwenye soketi za valvu, kimya. Akafika mahali ambapo ilipaswa kuwepo bodi ya hatua za mwanzo, na hapo hapakuwa na bodi ya kuonekana. Palikuwa na tofali jeusi linalong'aa, refu kama kiganja changu na nene kama kidole gumba, na waya zikichomoza pembeni mwake. Alipoligusa kwa kijiti upande wa kushoto, sauti ikakatika. Akaligusa tena, ikarudi.

Aliniangalia akasema, "Mwanangu, ugonjwa nimeuona, lakini mgonjwa wamekwisha mzika."

Tatizo ni lehemu baridi, yaani mguu wa kipande kimoja haukushikwa vizuri na risasi ya kulehemu tangu siku ya kwanza, na joto la kuwaka na kuzima kila wikiendi limeumalizia. Kwenye amplifaya yoyote nyingine hiyo ni kazi ya sekunde tano: unaweka ncha ya solda, risasi inayeyuka, inang'aa, umemaliza. Mzee yule asingenitoza hata elfu 20. Kwa hii yangu hawezi kuufikia mguu wenyewe, hajui ni mguu wa kipande gani, na akijaribu kuipasha ile gundi ya epoksi ili aibandue anaweza kung'oa miguu ya vipande vingine kumi ambavyo hajui thamani zake kwa sababu mtengenezaji amekataa kutoa mchoro wa sakiti. Nimemwandikia mtengenezaji mara nne. Jibu lake ni kwamba mchoro ni siri ya karakana, kwamba dhamana imekufa kwa kuwa nimeifungua, na kwamba niirudishe kwake kwa gharama yangu, kwenda na kurudi, pamoja na dola 600 za matengenezo. Amplifaya yenye uzito wa kilo 22, kutoka Dar es Salaam hadi Marekani, kwa ajili ya tone moja la risasi!

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba hata Dumble mwenyewe alifunika sakiti zake kwa epoksi. Ni kweli, alifunika. Lakini yeye alikuwa akilinda kazi aliyoibuni na kuirekebisha kwa miaka mingi, na wateja wake walikuwa wakimfahamu. Hata hivyo siungi mkono, kwa sababu leo hayupo duniani na chini ya gundi ile vipande vinaendelea kuzeeka. Huyu wangu hajabuni chochote. Wapo wapenzi wa amplifaya waliotumia saa nyingi kukwangua gundi kwenye Dumble halisi, kipande kwa kipande, wakapima, wakachora, wakaweka michoro hadharani ili kila mtu ajifunze. Mtengenezaji wangu alichukua michoro hiyo bure, akatengeneza nakala, kisha akaimwagia gundi ile ile na kuniambia kwamba ni siri yake. Hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia, maana kitu kilichofunuliwa na watu kwa manufaa ya watu kimefunikwa upya na mtu ambaye hakukitolea jasho, nami nikalipishwa kifuniko.

Ufundi huu haukukua kwa kufichana. Kampuni ya Fender katika miaka ya 1950 ilikuwa ikitoa michoro ya sakiti zake pamoja na amplifaya ili fundi wa mji wowote aweze kuzitengeneza. Mwaka 1962, katika duka la Jim Marshall huko Hanwell, London, Ken Bran na Dudley Craven walichukua muundo wa amplifaya ya Fender Bassman, toleo la 5F6-A, wakautengeneza kwa vipande vilivyopatikana Uingereza, na hivyo ikazaliwa JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall, na ukoo wote uliofuata. Fender haikufa kwa hilo, na dunia ikapata sauti mbili badala ya moja.

Wala uadimu haulazimishi uficho. Ken Fischer, mtengenezaji wa amplifaya za Trainwreck kule New Jersey, Marekani, aliyewahi kuwa fundi wa kampuni ya Ampeg na akafariki Desemba 2006, naye alitengeneza amplifaya chache sana, tena akiwa mgonjwa kwa miaka mingi, na badala ya namba alizipa majina ya watu, mengi yakiwa ya wanawake. Zake nazo leo zinauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Lakini ukiifungua Trainwreck unaona kila waya. Siri yake ilikuwa katika kuchagua vipande na katika namna alivyopanga njia za waya, na mengi ya hayo aliyaandika mwenyewe ili mafundi wengine wayasome. Aliyajua aliyoyajua, akayagawa, na bado hakuna aliyemfikia kirahisi.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa huko hawalifikirii ni kwamba sisi tulio mbali ndio tunaoumia zaidi. Mpigaji wa Los Angeles akiharibikiwa anaweka amplifaya kwenye gari, anaipeleka mlangoni kwa mtengenezaji. Mimi umeme wangu ni volti 230, unapanda na kushuka kila siku, joto na unyevu wa pwani vinakula chuma na lehemu, na valvu za 6L6 lazima niagize nje na kungoja. Katika mazingira hayo kinga pekee niliyo nayo ni fundi wa mtaani mwenye macho na kijiti cha mshikaki. Ukimfumba macho fundi huyo umeniuzia chombo cha kutumia mara moja kwa bei ya kiwanja. Na hilo lingeweza kusemwa kwenye tangazo kwa sentensi moja tu, kwamba bodi imefunikwa na haitengenezeki popote isipokuwa kwetu. Halikusemwa. Picha zote kwenye tangazo zilikuwa za mbele na za nyuma, na mimi kwa kuamini sikuomba ya ndani.

Kwa hiyo wakuu, yeyote kati yenu anayefikiria kuagiza amplifaya ya mkono, iwe ya mfano wa Dumble au nyingine yoyote, asitume hata senti kabla hajaletewa picha ya ndani iliyo wazi na ahadi ya maandishi kwamba atapewa mchoro wa sakiti. Akijibiwa kwamba ni siri, aachane naye siku hiyo hiyo. Zipo karakana ndogo zinazotengeneza kwa uwazi kabisa, na vipo vifurushi vya vipande ambavyo mafundi wetu wenyewe wangeweza kuviunga hapa hapa Dar es Salaam kwa chini ya nusu ya fedha nilizotoa. Mzee wa Gerezani ameniambia angeifanya kazi hiyo kwa furaha, na kwa kweli nimejilaumu kwamba sikumuuliza yeye kwanza.

Mtengenezaji nimempa hadi mwisho wa mwezi huu: anitumie mchoro, au anirudishie fedha zangu. Asipofanya lolote kati ya hayo, tarehe mosi asubuhi nitakuwa Gerezani, na tutaanza kulikwangua lile tofali taratibu kwa joto na kisu kidogo, hata kama itachukua mwezi. Kila kipande kitakachojitokeza tutakipima, tutakipiga picha, na nitaiweka picha hiyo na thamani yake katika uzi huu huu.

Kwa sasa amplifaya imekaa pembeni mwa kabati, na Jumamosi nina harusi Tabata ambako nitapiga kwa amplifaya ya kuazima.